Binti akiachwa, tusikimbilie simu wala posa



Leo tunaweka futi na mkasi pembeni. Wengi wenu mnatujua kwa magauni ya harusi na vijora tunavyovituma visiwani kutoka huku kusini, lakini kuna jambo limetukaa kooni tangu msimu wa korosho uanze. Ni hili: binti wa miaka 15 au 16 akiachwa na kijana aliyekuwa anampenda, sisi wakubwa tunamfanyia nini?

Huku kwetu Masasi na Newala jibu linajulikana. Cha kwanza anaulizwa kama ana mimba. Akisema hana, mama anashusha pumzi, simu inachukuliwa, inavunjwa au inafungiwa kabatini, na mazungumzo yamekwisha. Baba akipata habari ni fimbo. Kisha, katika nyumba si chache, shangazi anaanza kuulizia chinichini ni nani anatafuta mke, ili aibu isijirudie. Wiki nzima inapita na hakuna hata mtu mmoja aliyemuuliza mtoto moyo wake ukoje.

Sisi tunaona hapo tunapoteza. Kuachwa kwa mara ya kwanza kunauma kuliko tunavyokumbuka, lakini pia ni siku ambazo mtoto anasikiliza kweli. Yule ambaye jana alikuwa hakuelezi kitu, leo amelala kifudifudi na yuko tayari kuongea na yeyote atakayekaa karibu yake bila kumzomea. Tukimzomea, nafasi hiyo anaichukua rafiki wa darasani, au mganga, au mwanaume mwingine.

Tunajua kuna dada atasema: uhusiano wenyewe ni haramu, sasa tumfundishe nini, namna ya kuachwa vizuri? Shoga yetu, hatusemi mapenzi kabla ya ndoa ni halali. Mipaka ya dini tunaijua na hatuibadilishi hapa. Tunachosema ni kwamba dhambi ni jambo moja na kidonda ni jambo jingine. Mtoto akipanda mwembe wa watu kuiba embe, akaanguka na kuvunjika mkono, unamkimbiza hospitali kwanza. Ya wizi mtayazungumza mkono ukishafungwa.

Na dini yetu haikuona haya kuuzungumzia moyo ulioachwa. Someni kisa cha Barira na Mughith, kimo katika Sahihi Bukhari. Barira alikuwa mtumwa, na mumewe Mughith naye mtumwa. Barira alipopata uhuru wake alipewa hiari ya kubaki na mume au kuondoka, akachagua kuondoka. Mughith akawa anamfuata kwenye njia za Madina akilia mpaka machozi yanamtiririka ndevuni. Mtume (s.a.w.) aliiona hali ile na kumwonyesha ami yake Abbas jinsi ilivyo ya ajabu, huyu anavyopenda na yule anavyochukia. Akamwombea Mughith kwa Barira. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akaambiwa si amri, ni maombezi tu. Akasema basi, yeye hana haja naye. Jambo likaishia hapo.

Tazameni kilichofanyika na ambacho hakikufanyika. Mwanaume mzima alilia hadharani na hakuna aliyetumwa kumnyamazisha kwa kumcheka. Mwanamke alisema hataki, na hata maombezi ya mbora wa viumbe hayakugeuzwa kuwa shuruti. Somo lote ambalo kijana wa miaka 16 analihitaji limo humo: una haki ya kulia, lakini mwenzako akisema hapana, ni hapana. Kama mnatafuta kisa cha kumsimulia mtoto jioni baada ya magharibi, badala ya mawaidha marefu, sisi tunapendekeza hicho.

Sasa mtuambie, nani amsimulie? Huku kwetu watoto wanafundwa. Mwaka 1906 mtafiti wa Kijerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akaandika habari za unyago na jando za Wayao, Wamakonde na Wamakua, akarekodi hata nyimbo. Zaidi ya miaka mia imepita na ngoma bado zinalia kila likizo. Ninyi wa visiwani hamko mbali na hili. Unyago alioupigia ngoma marehemu Bi Kidude mpaka alipofariki mwaka 2013 una mizizi yake huku bara, uliletwa na watu wa kusini waliochukuliwa kwenda Unguja. Kungwi wa kwenu na nyakanga wa kwetu ni ndugu.

Na unyago unafundisha mengi mazuri. Usafi, adabu, namna ya kuishi na wakubwa, namna ya kumtunza mume. Lakini muulizeni mwali yeyote aliyetoka karibuni: alifundishwa nini kuhusu mtu anayekuacha? Atakodoa macho. Anafundwa namna ya kupendwa na namna ya kumshika mwanaume asiondoke. Basi akiondoka, binti anahesabu kosa ni lake, kwamba kuna kitu alifundwa na hakukifanya. Tena siku hizi wengine wanachezwa wakiwa bado wadogo kabisa, kabla hata ya kuvunja ungo, wanarudi darasani na mafunzo ya kitandani vichwani mwao na hakuna neno moja la kuwasaidia moyo ukivunjika. Hilo la umri tungekuwa na mamlaka tungelipiga marufuku kesho asubuhi.

Kuna wanaosema mila haiguswi. Si kweli, imeguswa mara nyingi. Askofu Lucas wa Waanglikana, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, aliliingiza jando katika mafundisho ya kanisa lake. Waislamu nao huku wana jando lao lenye dua na mafundisho ya dini. Kama mila imeweza kubeba yote hayo, haitavunjika mgongo kwa kuongezewa jioni moja ya kufundisha kuachwa.

Kabla ya kuendelea, tutenganishe mambo mawili ambayo watu wanayachanganya, na hapa tunaomba msome taratibu. Kuna kijana wa kidato cha tatu aliyeachana na binti wa kidato cha pili. Hayo ndiyo tunayoyazungumza. Halafu kuna mwanaume wa miaka 28, ana pikipiki yake, ameuza korosho, alikuwa anampa binti wa shule nauli na vocha na baadaye amemkimbia. Huyo hakuachana na mtu. Kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kulala na binti wa chini ya miaka 18 ni ubakaji hata kama alikubali. Huyo ni wa kupelekwa Dawati la Jinsia na Watoto polisi, wazazi wasikae naye kikao cha kupewa mbuzi na laki mbili ili yaishe. Binti naye asihesabiwe kama aliyeachwa, ni aliyedhulumiwa, na anavyosaidiwa ni tofauti. Mama anayeanza kumwambia "umejifunza?" mtoto wa namna hiyo anamuumiza mara ya pili.

Tukirudi kwa wale wa rika moja. Msimu wetu unajulikana. Minada ya korosho ikianza Oktoba, ya TANECU kwa Newala na Tandahimba na ya MAMCU kwa huku Masasi, fedha zikiingia kwenye akaunti za wakulima mji unabadilika. Vijana wanaosaidia mashambani wanapata chao, simu mpya zinanunuliwa, na mapenzi yanachipua kama uyoga. Ikifika Machi fedha zimekwisha na mapenzi nayo. Sisi dukani tunaliona hilo bila kuambiwa. Binti aliyekuja Novemba na rafiki zake kushonewa nguo za kufanana, Aprili anapita mlangoni ameinamisha kichwa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kumfundisha ni kusoma kilichotokea, bila kumtukana yeye wala yule kijana. Mwulize maswali madogo. Alikuahidi nini kwa mdomo, na alifanya nini kwa mikono? Alikuwa anazungumzaje na mama yake? Alikuwa anakukasirikia ukichelewa kujibu? Wewe uliacha nini kwa ajili yake, madrasa, hisabati, rafiki zako? Acha ajibu mwenyewe. Kushona kumetufundisha kwamba mshono mbaya haufumuliwi kwa kuvuta. Ukivuta, kitambaa kinachanika na hutajua hata ulikosea wapi. Unakata uzi mmoja mmoja kwa wembe, polepole, mpaka unaona pale vipande viwili vilipopishana. Mtoto akifumua hivyo anagundua mwenyewe kwamba, kwa mfano, hakuwa anampenda yule kijana kiasi hicho, alikuwa anapenda kutumiwa ujumbe wa "umelala?" kila usiku. Hayo ni maarifa ambayo atakwenda nayo mpaka kwenye posa yake.

Tena msimwambie "utapata mwingine". Jamani! Tunalisema wote na halimsaidii yeyote. Anasikia kwamba kazi yake duniani ni kupata mwingine.

Na msimwoze. Kuna binti mmoja, tunaficha kijiji chake, aliachwa mwezi wa pili na kufikia mwezi wa tano ndugu walishapokea barua ya posa kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuzungumza naye. Mama alikuja kwetu na vipimo alivyovichukua kwa kamba nyumbani, maana binti alikataa kuja. Tukasema gauni la mtu asiyetaka kupimwa hatushoni. Alikasirika, akasema sisi ni mafundi, si makadhi. Baada ya wiki chache alirudi kutuambia mwalimu mkuu aliingilia na mtoto yuko shuleni. Tangu 2016 Sheria ya Elimu inakataza kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Mwaka huohuo Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 14 au 15 vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Wanaosema hiyo ni sheria ya serikali tu, warudi kwa Bibi Khansaa binti Khidham, aliyeozwa na baba yake hali hataki, akaenda kwa Mtume (s.a.w.) na ndoa ile ikatenguliwa. Ridhaa ya binti ambaye bado analia kila usiku kwa ajili ya mtu mwingine ni ridhaa gani hiyo?

Mabibi harusi mnaosoma hapa, hili linawahusu pia, si habari za watoto tu. Tunapima wanawake wengi na tunajifunza kusikiliza wakati futi iko kiunoni. Kuna bi harusi wa miaka 27 alituletea picha ya gauni, akataka lake liwe hivyohivyo ila mkia uwe mrefu zaidi. Tukamuuliza gauni hilo ni la nani. Ni la mke wa kijana aliyemwacha akiwa kidato cha nne. Miaka kumi! Mume mtarajiwa amelipa mahari, ameandaa nyumba, na gauni la ndoa yake linashonwa kumjibu mtu mwingine. Tulimshonea, kazi ni kazi, lakini tulimwomba tubadilishe mkia. Akacheka kidogo, akakubali. Tunaamini kama mtu mmoja angekaa naye jioni mbili tatu akiwa na miaka 17, mkia ule usingekuwepo hata kwenye mawazo.

Simu sasa. Kuivunja ni kupoteza fedha, kwa sababu atapata ya rafiki yake. La kufanya ni kukaa naye mkapitia pamoja: nywila aliyompa kijana ibadilishwe usiku huohuo, namba izuiwe kama atataka, na status za mafumbo zikae kimya kwa siku chache. (Watoto wetu wameyarithi mafumbo kutoka kwetu tuliovaa khanga za kujibizana, tusijifanye kushangaa.) Halafu swali gumu, ambalo ni lazima liulizwe kwa sauti ya chini: kuna picha zozote ulimtumia? Akisema ndiyo, mama yangu, usipige kelele. Ukipiga kelele, siku kijana akianza kumtishia kuzisambaza hatakuambia, atamlipa au atamtii. Mweleze kwamba kutishiwa hivyo ni jambo la kupeleka polisi, ahifadhi ujumbe wa vitisho asiufute, na asitume kingine chochote.

Vile vibandiko vya kwenye nguzo za umeme, vya kumrudisha mpenzi ndani ya saa 24, mwonyeni kwa jina. Tumewahi kusikia binti ameuza cherehani ya mkono ya bibi yake kulipia dawa. Mbali na kwamba ni ushirikina, na huo ni mlango ambao Muislamu haufungui, hata kama ungefanya kazi angekuwa amerudishiwa mtu asiyemtaka. Badala yake afundishwe istikhara, na afundishwe vizuri. Wengi wanadhani istikhara ni kuomba upate unachokitaka. Ni kumwachia Mola achague, na wakati mwingine mlango kufungwa ndilo jibu lenyewe.

Watoto wa kiume tuliahidi kuwafikia. Hawa wanaumia na hawana pa kusemea. Jandoni wameambiwa mwanaume halii, na mabibo yakiiva wanaishia kwenye uraka, kisha gongo, kisha wanakwenda kumsubiri binti njiani usiku. Mama anasema "atatulia". Hatulii mwenyewe. Huku kwetu kwa mila za Wamakonde mjomba, kaka wa mama, ana sauti kubwa kwa mtoto, basi mjomba atumike kwa hili: amchukue shamba siku mbili, wapalilie mikorosho, waongee. Tena awe na upole. Kuna kisa cha kijana aliyemwendea Mtume (s.a.w.) kuomba ruhusa ya kuzini, watu wakamkaripia. Yeye akamsogeza karibu, akamuuliza kama angependa jambo hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kisha akamwekea mkono na kumwombea dua. Kama ombi la namna ile lilijibiwa hivyo, kijana anayelia kwa kuachwa anastahili nini? Na aambiwe waziwazi: kumfuata, kumsema vibaya kijiweni, kudai arudishiwe simu aliyompa, kumtumia ujumbe arobaini kwa usiku mmoja, yote hayo ni kumlazimisha mtu aliyesema hapana.

Dalili za hatari mzazi azijue. Huzuni ya wiki mbili tatu, chakula kidogo, usingizi mbovu, hiyo ni ya kawaida, mpe uji na umpe muda. Lakini akianza kusema bora afe, akianza kugawa vitu vyake anavyovipenda, au akijikatakata, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Dawa za mikorosho na za panya zitolewe ndani ya nyumba, na huku kwetu kila nyumba inazo. Apelekwe hospitali, huku Masasi ni Mkomaindo au Ndanda. Namba 116 ya kuwasaidia watoto inapigwa bure. Kuswaliwa na kusomewa ruqya ni kheri na daktari naye ni kheri, kimoja hakifuti kingine.

Tumelipeleka wazo hili kwa makungwi wawili wa Newala, maana likizo ya Desemba inakaribia na wali wataingia. Tumewaomba jioni moja tu: kisa cha Barira kisimuliwe, kisha kila mwali aambiwe kwamba mtu kukuacha si ushahidi kwamba hukufundwa. Mmoja amekubali na ametaka tumwandikie maneno ili asije akayachanganya. Wa pili amesema anataka kuwauliza wenzake kwanza, na kwamba wimbo wa kuachwa hakuna, itabidi utungwe.